Kioo Cheusi Kwenye Lenzi ya Baba

Mimi ni mtu wa kuuliza kwa nini, na nikikosa wa kumuuliza nauliza vitu. Mama anasema nilimchosha kwa maswali tangu sijamaliza kuota meno. Basi lenzi ya baba ilipokaa mbele yangu juu ya kaunta, na kile kioo cheusi kimeng'ang'ania mdomoni mwake, nilianza kwa kukiuliza chenyewe. Wewe ulifungwa kwa vidole vya mtu, kwa nini hutaki kufunguka kwa vidole vya mtu?

Hakikujibu, na mimi nina hasira za karibu. Nikakikamata kwa nguvu zangu zote, nikauma meno, nikazungusha mpaka uso ukawa moto. Mteja aliyeleta cheti chake kitolewe kopi akarudi nyuma hatua moja. Kioo hakikutikisika. Nikaiweka lenzi chini taratibu, nikamhudumia yule mteja kwa sauti ya upole ambayo si yangu.

Nina steshenari ndogo mjini, pale Majengo. Natoa kopi, nalamineti vyeti, napiga picha za paspoti mbele ya kitambaa cha bluu kilichopigiliwa ukutani. Picha zenyewe napiga kwa simu, lakini kwetu Kilema habari ilishafika kwamba mimi ni fundi wa picha, na ukishapewa cheo na ndugu zako hakivuliwi. Kwa hiyo kamera ya baba ilipopata tatizo, hakuna aliyefikiria mtu mwingine.

Baba alikuwa mpandisha wageni mlimani miaka mingi. Alipokaribia kustaafu, mgeni mmoja alimwachia kamera yenye lenzi ndefu na kifuko cha vioo vya kufunga mbele ya lenzi. Kimoja cha vioo hivyo ni cheusi kama cha miwani ya mchomeleaji. Kazi yake ni kupunguza mwanga ili kamera iweze kukodoa jicho kwa muda mrefu bila picha kuungua. Ukipiga maporomoko ya maji kwa kioo hicho, maji hayaonekani tena matone matone, yanakuwa laini kama maziwa yanayomiminwa. Baba alipoiona picha ya kwanza ya namna hiyo alifurahi mno. Akawa kila akipata nafasi anateremka mtoni, chini ya kihamba chetu, shamba letu la migomba, anafunga kioo chake na kuyapiga picha maji yaleyale. Mama alimwuliza maji hayo yamebadilika nini tangu jana. Akasema ndicho anachokwenda kuangalia.

Kisha masika iliyopita kiharusi kikampiga, upande wa kulia wote. Namshukuru Mungu mguu ulirudi polepole, mdomo ukanyooka karibu wote, maneno yakarudi. Mkono ndio uligoma. Vidole vilining'inia tu, huwezi kuvifanya vijikunje hata ukivibembeleza. Yule mtaalamu wa mazoezi kule hospitali mjini alitueleza vizuri kwamba mkono wa namna hiyo huanza kuamka kutoka begani, ukashuka kwenye kiwiko, vidole vikaja mwisho, na wakati mwingine visije kabisa. Alisema dawa yake ni kuupa kazi kila siku, kwa sababu ukiachwa bila kazi utakakamaa. Akampa baba kipira laini cha kuminya.

Hicho kipira kilituletea kisirani nyumbani. Baba alikiweka kiganjani, vidole havikufunga, kipira kikadondoka na kubiringika mpaka kwa kuku. Mama akakiokota, akakirudisha, kikadondoka tena. Asubuhi moja baba akakichukua kwa mkono wa kushoto, akakitupa katikati ya migomba, akasema yeye amefikisha watu kileleni Kibo, hawezi kumalizia maisha yake akicheza mpira na kuku. Tangu siku hiyo mkono wa kulia uliishi mfukoni mwa koti. Hata jua la saa sita likiwaka, koti halivuliwi.

Kwetu mkono wa kulia si kiungo tu. Ndio wa kusalimia, ndio wa kupokelea kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, ndio wa kumpa mtu kitu. Mtoto akinyoosha wa kushoto anapigwa kofi la mkono hapohapo, na mama yangu kofi lake halikosei. Kwa mgonjwa kama baba nani angejali? Hakuna. Lakini yeye alijali. Akaacha kwenda misa, akisingizia mguu, na sisi tulijua si mguu. Ni ile sehemu ya kutakiana amani, watu wanapogeukiana na kupeana mikono. Wageni wakija nyumbani, mama alifundishwa kusema baba amelala. Hata sisi watoto wake hakutupa kitu kwa mkono. Alikiweka mezani, akatazama pembeni, na wewe ukakichukua mezani.

Ndivyo alivyonipa kamera. Jumapili moja nilipopanda kuwaona, alijikokota mwenyewe hadi chumbani, akarudi nayo imening'inia shingoni, akainama juu ya meza mpaka ikatua, akautoa mkanda kichwani. Akasema anataka kuutazama mlima. Asubuhi mapema, kabla mawingu hayajafunika, anataka akae barazani avute Kibo karibu kwa ile lenzi ndefu, aangalie njia zake za zamani na barafu iliyobaki. Lakini kile kioo cheusi kilibaki kimefungwa tangu mara ya mwisho alipokwenda mtoni, na kwa kioo kile mlima unaonekana kama umefunikwa na mvua ya jioni. Yeye kwa mkono mmoja hakuweza kukifungua. Mama alijaribu akashindwa.

Tangu augue, hakuwahi kuomba kitu. Chakula alikula kikiletwa, dawa alimeza zikiletwa, swali alijibu likiulizwa. Sasa alikuwa ameomba. Nikachukua kamera kwa mikono miwili, nikasema sawa baba, kesho tu nitakuwa nimeshakitoa. Mama akanisindikiza mpaka kwenye ile mimea ya masale iliyopandwa mpakani mwa kihamba, na pale akanishika kiwiko.

"Usiiharibu," akasema. "Ikivunjika na hiyo, sijui tutampa nini cha kumtoa kwenye kile kiti."

Kwa hiyo unielewe nilipokuwa nikiitazama lenzi ile pale kaunta. Sikuwa naangalia kifaa cha picha. Nilikuwa namwangalia baba yangu akiwa ameketi barazani na koti lake, na nilikuwa naogopa.

Jirani yangu pale Majengo ni fundi bajaji, mtu mzima, mcheshi, ambaye hajawahi kuona kitu kilichofungwa akakiacha kimefungwa. Aliniona nikipambana, akaja na praizi, koleo lake la kubania nati, mkononi. Akasema ni kubana kidogo tu na kuzungusha, dakika haiishi. Nikaikumbatia lenzi kifuani. Nilimwambia lenzi si nati ya bajaji, na akigusa hata kwa ncha ya hiyo praizi tutagombana mpaka watu wajae. Hakukasirika, aliketi kwenye benchi langu akaanza kutoa ushauri mwingine. Tia mafuta ya kulegezea. Nikamwuliza yakipenya ndani yakatanda kwenye vioo vya katikati, nani ataingia kuyafuta? Akafikiri. Akasema basi pasha moto kidogo. Nikamkata jicho, akacheka, akaenda zake.

Nilijaribu friji. Nilisoma kwenye simu kwamba baridi hufanya vitu visinyae, na kwamba wengine hufanikiwa hivyo. Nikaifunga lenzi ndani ya mfuko wa nailoni, nikaukaza vizuri ili unyevu usiingie, nikaomba nafasi kwa mama muuza juisi wa ng'ambo ya barabara. Ikakaa pale kati ya chupa za ukwaju. Nilipoitoa sikuufungua mfuko mara moja, niliiacha ipate joto la kawaida humohumo, maana ukiharakisha umande unatua kwenye kioo. Nikajaribu. Wapi! Nilichopata ni vidole vya baridi na harufu ya ukwaju.

Siku zikaenda. Mama alipiga simu, hakuuliza habari ya kioo, aliuliza habari yangu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nami nikaacha kuvuta nikaanza kutazama. Kile kioo kimeshikwa na pete nyembamba ya chuma chepesi, na pete hiyo ina uzi kama wa mfuniko wa chupa, unaozama ndani ya mdomo wa lenzi. Basi. Hakuna gundi, hakuna kutu, hakuna mchanga ulioonekana. Pete haikupinda popote. Kwa nini basi?

Jibu nililipata kwenye kopo la karanga. Nilikuwa nalifungua nikiwa na mawazo, nimeshika mfuniko wa plastiki kwa vidole vinne upande huu na gumba upande ule, nikaona mfuniko umebadilika umbo. Pale nilipobana uliingia ndani, pale nisipobana ulitoka nje. Ulikuwa kama yai. Nikaachia, ukarudi kuwa duara. Nikabana tena, yai. Nikalegeza vidole nikauzungusha kwa kiganja tu, ukatoka bila neno. Nilikaa pale na mdomo wazi na kopo mkononi. Yai utalizungushaje ndani ya tundu la duara? Halizunguki, linakwama. Na kadiri unavyolibana kwa hasira, ndivyo linavyozidi kukwama. Yaani muda wote ule nilikuwa nakifunga kile kioo kwa nguvu zangu mwenyewe, huku nakisema kina kiburi.

Nilimwita fundi bajaji nimwonyeshe. Tulijaribu na kila mfuniko uliopatikana mtaa ule, wa asali, wa mafuta ya nazi, wa ndoo ndogo ya rangi. Ile migumu haikubadilika, ile myembamba yote iligeuka yai. Alivutiwa kuliko nilivyotegemea. Akasema basi tunatafuta kitu cha kuishika pete bila kuibana, kiikalie kwa juu, duara lote kwa mara moja. Kiwe bapa. Kiwe laini kisichubue. Kiwe kinanata. Wote wawili tukawa tunatazama chini tukiwaza, na chini palikuwa na miguu yake, na miguuni palikuwa na ndala.

Nilicheka mpaka machozi. Lakini tulipima kwanza kwa macho, maana mzaha na kioo haviendi pamoja. Ukingo wa pete umeinuka kidogo kuliko kioo chenyewe, kwa hiyo soli ya mpira ingekaa juu ya ukingo tu na kioo kisiguswe. Nikataka kujaribu palepale, ila ndala zake zilikuwa zimekanyaga kila aina ya oili ya gereji. Jumapili nikanunua mpya, nikapanda nazo Kilema.

Mama alikuwa ametoka misa, mtori wa ndizi uko jikoni. Nilipoiweka ndala mezani akaniuliza kama huko mjini siku hizi viatu vinakula na watu. Nikamweleza habari za yai na duara. Akasikiliza kwa uso wa mtu anayesubiri nimalize, kisha akaichukua ndala akaiosha kwa sabuni, akaikausha kwa kanga, akairudisha mezani. Akaenda kusimama kwenye mlango wa jikoni, na hapo hakuondoka.

Baba alikuwa kwenye kiti chake cha barazani, mkono mfukoni. Kibo kilikuwa wazi siku hiyo, cheupe juu, mawingu bado yako chini huko. Nikaitoa lenzi kwenye kamera ili nisiilazimishe sehemu ya kuungia, nikafunika tako lake, upande unaoingia kwenye kamera, nikapiga ukingo brashi kuondoa vumbi. Nikaisimamisha mezani mdomo juu, nikalibana shina lake kwa mkono wa kushoto, pale nyuma ambapo hapazunguki penyewe. Nikalaza ndala juu, nikaweka kiganja changu cha kulia, nikaegemea, nikazungusha.

Ndala iliteleza. Nikarudia. Ikateleza. Mara ya tatu niliona kosa lenyewe kwa macho yangu. Vidole vyangu, kila nilipotia nguvu, vilikuwa vinajikunja vyenyewe kupita ukingo wa ndala na kuikamata pete kwa pembeni. Nikavinyoosha. Nikatia nguvu, vikajikunja. Nikaviambia kwa sauti vitulie. Mkono wa mtu mzima umekamata vitu tangu kuzaliwa, haujui kufanya nguvu bila kukamata.

"Unakikaba," baba akasema.

Nikamjibu, kwa hasira nisiyoweza kuificha, kwamba ninajua ninakikaba, na kwamba aliyekikaza ndiye wa kulaumiwa. Kwani ulikikaza kwa nini hivi, baba? Akaeleza, na yalikuwa maelezo marefu kuliko yote aliyotoa tangu augue. Mlimani, alisema, kila kitu kinakazwa mara mbili. Mfuniko wa chupa ya chai, taa, viungo vya fimbo, chupa za maji za wageni. Unakaza, unazunguka mzigo wote, kisha unarudi unakaza tena, kwa sababu chupa ikifunguka ndani ya mzigo kule juu mtu atalala na nguo mbichi kwenye baridi ya kuua. Wapandisha wageni wote wana ugonjwa huo, mpaka nyumbani kwao huwezi kufungua chumvi. Pale mtoni alifunga kioo, akakumbuka maji yako chini yake, akakaza mara ya pili.

Nikamwuliza nani alimwambia lenzi inapanda mlima. Akacheka. Upande mmoja wa mdomo bado unachelewa, lakini alicheka, na mama kule mlangoni akaficha uso.

Nikatazama vidole vyangu, nikatazama ndala. Nilichohitaji ni mkono usiojua kukunja. Kiganja kizito, cha bapa, chenye bega nyuma yake na vidole visivyojishughulisha na chochote. Mimi nina tabia ya kusema jambo kabla sijalipima, na imenigharimu mara nyingi, kwa hiyo maneno yalishatoka.

"Baba, naomba mkono wako. Huo wa mfukoni."

Mama akavuta pumzi kwa nguvu. Baba hakunitazama. Shavu lake lilikaza, nikajua nimeharibu, tena nimeharibu kuliko praizi ingeharibu. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Wa kazi gani?" akasema mwishowe. "Haukamati."

"Ndiyo maana nautaka. Yangu inakamata."

Alitazama upande wa mlima. Kisha mkono wake wa kushoto ukaingia kwenye mfuko wa kulia, ukautoa mwenzake polepole, ukaubeba kama mtoto aliyelala, ukaulaza juu ya meza. Sikuwa nimeuona mkono ule tangu hospitali. Ulikuwa umepauka na kulainika, sugu zote za kamba na fimbo zimeondoka, na kucha zilikuwa ndefu kwa sababu alikuwa hamruhusu mama kuzikata. Niliumia. Nikajikaza, maana kama ningelia angeurudisha.

Nikasogeza meza mpaka kwenye magoti yake. Nikailaza ndala juu ya lenzi, nikauchukua mkono wake, nikauweka juu ya ndala, kiganja chini. Vidole vilitawanyika vyenyewe, vimelala. Nikamwambia asihangaike navyo kabisa, aegemee tu kutoka begani, kama anavyoegemea fimbo. Akaniuliza kama kioo hakitapasuka. Nikamwonyesha jinsi ukingo ulivyobeba mpira. Akainama akachungulia mwenyewe, akarudi, akaegemea.

Alikuwa mzito! Niliusikia uzito wake ukishuka mpaka kwenye lenzi, umetulia, hautetemeki, umegawanyika sawasawa. Yeye alitulia na mimi nikaanza kuizungusha lenzi chini ya mkono wake, mwelekeo wa mshale wa saa, kwa sababu ukizungusha chombo badala ya mfuniko unakwenda kinyume. Haikuenda. Nikamwambia ongeza. Akaongeza, bega likashuka, mshipa wa shingo ukasimama. Nikaenda taratibu, bila kushtua, nikiwa nimezuia pumzi.

Kikasikika kitu kama punje za sukari zikikanyagwa. Lenzi ikasogea mikononi mwangu. Niliogopa ni lenzi yenyewe imeachia ndani, nikasimama, nikainua ndala nikatazama. Pete ilikuwa imeachia. Kipo kialama cheupe kwenye mdomo wa lenzi ambacho kilikuwa upande wangu, sasa kilikuwa kimeelekea jikoni, na pete imebaki palepale. Nikaigusa kwa ncha ya kidole, bila kubana, ikazunguka, ikazunguka, ikatoka. Nikakiinua kile kioo cheusi juu. Chini yake kioo cha lenzi kilikuwa safi, hakina mkwaruzo hata mmoja, na anga lote lilikuwa ndani yake.

Nilipiga vigelegele. Mimi, mtu wa steshenari, na Jumapili ile. Mama alikuja mbio na mwiko mkononi, akatazama lenzi, akamtazama baba, akaketi kwenye benchi. Mimi tayari nilikuwa napachika lenzi kwenye kamera, nimewasha, naona Kibo kimejaa kwenye kioo cha kutazamia nyuma ya kamera, mistari ya theluji, miamba, kila kitu. Nikamwekea kamera mezani mbele yake na kumwambia atazame haraka, maana mawingu yalishaanza kupanda.

Hakuitazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado juu ya ndala, na yeye alikuwa anautazama huo.

"Kirudishe," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia kimetoka, baba, kazi imekwisha, mlima huu hapa.

"Kirudishe kioo," akasema. "Ni wewe uliyezungusha. Mimi niliegemea tu. Nataka kujua kama ningezungusha ingekuwaje."

Nilimjua yule aliyekuwa anasema. Ndiye aliyekuwa anateremka mtoni kila siku kuangalia maji yaleyale. Nikaitoa lenzi tena kwenye kamera, nikakifunga kioo kwa ncha za vidole, kidogo tu, hata kukaza mara moja sikukaza. Nikaishika lenzi kwa viganja viwili, imara, nisiisaidie. Yeye akauinua mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaupandisha juu ya ndala, akauacha hapo. Akavuta pumzi. Bega likaenda nyuma. Kiwiko kikafuata, kwa kuchelewa, kwa kutetemeka, na kifundo cha mkono kikaburutwa nyuma ya kiwiko, na ndala ikageuka. Kidogo. Upana wa ukucha. Pete ikaenda nayo.

Akaunyanyua mkono, akauweka upya, akavuta. Akaunyanyua, akauweka upya, akavuta. Jasho lilimtoka na koti likawa linamsumbua, akamwambia mama amvue, na mama akamvua. Mawingu yalifika, yakafunika Kibo chote, na hakuna kati yetu aliyegeuka kukitazama. Mtori ulipoa jikoni.

Pete ilipomaliza uzi wake, ndala iliteleza, na kioo kikaanguka juu ya meza kwa mlio mdogo. Baba alikitazama. Akakisukuma kuja kwangu, kwa kiganja cha kulia, kikiburutika juu ya mbao mpaka kikanigusa vidole.

"Kirudishe," akasema. "Safari hii kaza kidogo."